Simu ya Dorine, Kiuno cha Remmy

Nachora vibao Songea hii tangu soko huria lilipoingia na kila mwenye mlango akajiita mfanyabiashara. Saluni, bucha, maduka ya dawa za mifugo, vyote vimepita kwenye brashi yangu. Lakini hakuna kibao kilichonitia hasira kama cha Dorine, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba nusu ya hasira yenyewe inanihusu mimi.

Dorine ni fundi cherehani. Alijifunza kwa masista, na akiwa na miaka ishirini na minne alikuwa na kibanda chake karibu na stendi, wakati mafundi wengi walishauza vyerehani vyao kwa sababu ya mitumba. Yeye mitumba haikumtisha. Alishona magauni ya komunio ya kwanza, na hakuna mama wa hapa anayekubali kuokota gauni la komunio kwenye rundo. Atataka jipya, jeupe, hata kama itabidi auze mbuzi.

Mwaka 2003 Dorine akanunua simu ya mkononi. Kwa jasho lake. Simu ikakaa naye siku mbili. Siku ya tatu kaka yake, Remmy, akaivaa kiunoni kwenye kile kifuko cha ngozi walichokuwa wanaringia wanaume siku zile, akaenda nayo stendi, ambako kazi yake kubwa ilikuwa kukaa. Mama yao akaona ni sawa. Msichana hajaolewa, anaongea na wanaume asiowajua, watu watasemaje? Remmy atapokea, kisha atamletea ujumbe. Ati atamletea! Mtu ambaye ukimtuma chumvi mchana mnakula chakula bila chumvi usiku.

Dorine alinuna tu, maana ukigombana na kaka umegombana na mama, na ukigombana na mama utaitiwa kikao cha ukoo. Akaniita nimchoree kibao. Nikaandika USHONAJI KWA DORINE, nikachora mkasi na gauni. Nilipofika kwenye namba ya simu nilifanya nini? Niliteremka ngazi, nikavuka barabara, nikamfuata Remmy stendi anitajie namba. Dorine alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu na namba yake anaijua kwa kichwa. Sikumwuliza. Simu ilikuwa kiunoni kwa Remmy, na mimi nikaona mwenye kuulizwa ni Remmy.

Miezi ikapita. Simu zikapigwa, ujumbe haukufika.

"Kaka Beda," Dorine aliniuliza kila nilipopita, "hicho kibao watu wanakisoma kweli?"

Nilimjibu kwa jeuri kwamba maandishi yangu hata kipofu anayasoma.

Jumatano moja, wiki ya komunio, nilikuwa nachora kichwa cha ng'ombe kwenye bucha ya jirani. Basi la Madaba likaingia, akashuka Mama Kunegunda, mke wa katekista, na furushi kichwani. Akaja moja kwa moja akalimwaga juu ya cherehani cha Dorine. Magauni meupe, thelathini na mawili. Lililokuwa juu lilikuwa na mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi, na shingo ambayo mtoto asingeweza kupitisha kichwa.

"Shikamoo mama," Dorine akasema.

"Marahaba ya nini? Watoto wa watu wanampokea Yesu Jumapili, wewe unanishonea magunia!"

"Mama, mimi sijawahi kukushonea kitu."

"Namba si ile pale juu? Nilipiga kwa simu ya parokia. Kaka yako akasema nimwachie yeye kila kitu, wewe huwa huongei na simu."

Basi ikajulikana. Remmy alikuwa amempa kazi rafiki yake Hironimus, fundi wa kutia viraka suruali, pesa wakala wote wawili. Lakini jina lililotajwa Madaba nzima lilikuwa la Dorine, na katika kazi ile mama humwambia mama. Ukiharibu komunio moja, umefunga kibanda. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa wa tumbo moja.

Dorine akaweka mkasi chini, akaelekea stendi. Nikamfuata, kwanza kwa umbea, pili kwa sababu nilitaka kumzaba Remmy vibao. Dorine hakumgusa mtu. Alinyoosha tu mkono mbele ya makondakta.

"Kaka Remmy, simu."

"Tukaongee nyumbani. Usinidhalilishe mbele za watu."

"Wewe umenidhalilisha mpaka kanisani. Simu."

Akaitoa. Dorine akafungua kifuniko cha nyuma, akanyanyua betri, akachomoa laini, akarudisha betri na kifuniko, kisha akamrudishia simu.

"Hii vaa, inakupendeza. Laini nachukua. Namba ni yangu."

Makondakta walicheka mpaka basi likachelewa kuondoka. Na Remmy, sikutanii, aliirudisha kwenye kifuko na akaendelea kuivaa miezi mitatu, haiwezi kupiga wala kupigiwa.

Siku tatu Dorine alifumua na kushona upya, Mama Kunegunda pembeni akipachika vifungo kwa mkono huku akimlaani Hironimus. Magauni yakapanda basi la Jumamosi. Laini Dorine aliitia kwenye simu kuukuu aliyoazimwa na mwenye bucha.

Wiki iliyofuata nikajipeleka mwenyewe kurekebisha kibao, bure, kifua mbele, mtetezi wa wanawake. Namba haikuguswa. Dorine aliniambia niongeze mstari mmoja chini yake: ANAPOKEA DORINE MWENYEWE. Nikauandika huku namtukana Remmy kwa kila herufi, na wanaume wote wa mji huu wanaojifanya midomo ya dada zao.

Nilipomaliza nikashuka kusafisha brashi. Dorine alikuwa anampima mteja, pini zimejaa mdomoni. Simu ikaita mezani. Mkono wangu ukaenda wenyewe.

"Halo," nikasema kwa sauti nzito. "Dorine yuko kazini, sema na mimi."

Dorine akageuka akanitazama. Kwa zile pini hakuweza kusema neno, lakini kwenye simu alikuwa Mama Kunegunda, na yeye mdomo wake ulikuwa mtupu.

"Na wewe," akaniuliza, "ni kaka yake mwingine?"