Usiniache, Eh

Nilikuwa na miaka kumi na sita, na kitu pekee nilichokijua vizuri ni kukimbia. Sasa eti nifundishwe kukaa!

Kila Jumamosi, kwenye uwanja wa shule karibu na mto, wanafunzi wa chuo kikuu walitufundisha vijana wadogo namna ya kuandamana. Mji wetu una maporomoko yanayofua umeme, tunayasikia mchana kutwa, na mtaani kwetu tuliishi kwa taa ya mafuta. Tulitaka kwenda kuwauliza wakubwa kwa nini. Mwanafunzi mmoja wa sheria alijifanya polisi, ameshika fagio.

"Bon, mukikimbia, wao wanashinda," alituambia. "Mukae chini, mushikane mikono. Mutu asiachie mwenzake."

Tulikaa mchangani tukicheka hadi machozi. Mkono wangu ulishikwa na dada yangu, binti wa tonton, mdogo wake baba, ambaye nililala naye kitanda kimoja tangu utotoni. Alikuwa mwoga, aliogopa hata mende. Mimi ndiye niliyembembeleza mpaka akaja.

Asubuhi ya maandamano, ukungu wa mto ulikuwa bado umelala barabarani. Toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, zilichomoza humo moja moja bila sauti, kisha zikapotea. Mpaka leo naona kama niliiota asubuhi ile. Tulitembea tukiimba polepole, nami nikajiona mrefu, mzuri, mtu mwenye haki yake. Mara, ndani ya weupe ule, zikatokea kofia za polisi.

Tukakaa chini. Lami ilikuwa baridi. Dada akanibana vidole.

"Usiniache, eh."

"Niko hapa," nikamwambia.

Ukasikika mlio, moshi wa kutoa machozi ukatanda. Sikuamua chochote, naapa. Nilishtukia niko sokoni, nahema, mikono mitupu.

Alirudi jioni, macho mekundu, kiwiko kimechubuka. Alisema hakuinuka mpaka polisi walipombeba. Mama alimkanda kwa maji ya moto, mimi nikiwashikia taa. Nilimngoja anitukane, nilitamani sana anitukane. Yeye akala wali wake taratibu, akalamba vidole, akaniuliza kama Jumamosi tungekwenda tena.

Nikasema mguu unaniuma. Akanipa pole, tena ya kweli, na Jumamosi ile akaenda peke yake.