Tembo Mwenye Mkanda

Baba yangu aliuawa na tembo katika shamba letu la mahindi Munkunyu, kando ya hifadhi ya wanyama, alfajiri moja nilipokuwa bado sekondari. Waliomfikia kwanza walisema tembo huyo alikuwa jike mkubwa, na shingoni amevaa mkanda mpana. Afisa aliyekuja kuchukua maelezo alisema mtu akiogopa huona mengi. Tukazika. Mama akaliacha shamba, akahamia kwa dada yake Bwera, mji wa mpakani, na kuanza kuwauzia Wakongo maharage sokoni.

Nilienda chuo kikuu kusomea biolojia. Mwaka wa mwisho nilitaka kufanya utafiti wangu nyumbani, niwaulize watu wanaopakana na hifadhi wanaishi vipi na wanyama. Msimamizi wangu, mwanamume mpole asiyepandisha sauti, alisema chuo hakina gari la kunipeleka.

"Siku hizi huna haja ya kukanyaga umande porini," alisema. "Wanyama wako mtandaoni. Shusha data, chora ramani, andika."

Nikashusha. Tovuti ilikuwa ya watafiti wa nje, na mtu yeyote angeweza kuifungua. Kila tembo aliyefungwa mkanda wa redio alikuwa na namba yake, na kila baada ya saa chache mkanda ulituma habari za mahali alipo. Likizo ilipofika nilifanyia kazi hiyo kwenye kibanda cha intaneti karibu na soko la Bwera. Mwenye kibanda, Mkongo wa Kasindi, alichungulia kwenye kioo cha kompyuta.

"Ile mustari iko ya nini?"

"Njia ya tembo."

"Banamufuata munyama mpaka pale?" Alitikisa kichwa. "Iko na bahati, ile munyama."

Mchana huohuo niliona mstari wa jike mmoja ukitoka hifadhini, ukavuka kijito na kusimama. Kijito nilikijua. Niliijua na kona ya barabara iliyo juu yake, na paa la kanisa letu. Nikatazama tarehe. Ilikuwa alfajiri ileile. Alikuwa amekaa shambani kwetu hadi jua likapanda, kisha akarudi alikotoka bila haraka.

Nilichapisha ramani nikampelekea Mama sokoni. Nikamwonyesha kwa kidole: hapa kanisa, hapa kijito, hapa kwetu. Alifuta mikono kwenye kitenge kabla ya kuigusa.

"Kwa hiyo walikuwa wanamwona?"

"Mashine ndiyo ilikuwa inaona, Mama."

"Na mashine ni ya nani?"

Nilimwonyesha anwani ya tovuti ukingoni mwa ramani.

"Wangetupigia," alisema. "Baba yako alikuwa na simu."

Kesho yake hakufungua biashara. Tulikwenda Kasese, katika ofisi ya wanyamapori, tukangoja kwenye benchi mpaka afisa mmoja mwenye sare akatuita. Aliishika ramani, akaitazama muda mrefu.

"Hii umetoa wapi?"

"Mtandaoni, afande. Iko wazi."

Alieleza kwamba habari hizo hazitolewi mpaka ziwe zimepitwa na wakati, ili majangili wasijue mnyama alipo. "Ni usalama wake," alisema.

Mama akamuuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Na usalama yetu, afande?"

"Mama, nyinyi mliambiwa musilime karibu na mpaka wa hifadhi."

Shamba lile lilifyekwa na babu yangu. Afisa aliikunja ramani, akaiweka kwenye mtoto wa meza na kusema si kitu cha kutembea nacho. Kisha akamwita aliyefuata kwenye benchi.

Katika ripoti yangu niliandika aya moja kuhusu alfajiri ile: nani alikuwa shambani, alikuwa anafanya nini. Msimamizi aliikata kwa kalamu nyekundu. "Pole sana, nakuambia kwa moyo wangu," alisema. "Lakini huu ni msiba, si matokeo." Mahali pake akaandika mwenyewe kwamba mnyama alitoka nje ya hifadhi na kuingia eneo la kilimo. Nilibishana naye wiki nzima. Aliniambia ripoti isiyo na sahihi yake haifiki kwa watahini, na alisema hivyo kwa upole uleule.

Mama aliomba nimsomee nilichoandika. Nilimfasiria kwa Lhukonzo, lugha yetu, nyumbani kwa mama mdogo, huku akichambua maharage kwenye ungo. Nilipofika kwenye sentensi ile alinisimamisha, nikarudia.

"Eneo la kilimo," alisema. "Ndiyo mimi na baba yako?"

"Ndiyo, Mama."

Akaendelea kuchambua. Nikaifunga ripoti.

Nilipata alama nzuri. Sasa nafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari Kasese, na wanafunzi wakiniuliza niliandika nini chuoni, huwaambia ni mambo ya ramani.