Moto Ndani ya Wodi ya Uru

Nilikwenda Moshi kwa sababu ya ubishi. Chuoni nilikuwa nimewaambia wenzangu kwamba hospitali na shule za hisani zilizojengwa enzi za mkoloni ni majigambo ya mawe tu, na nchi huru ingefaa izibomoe ijenge zake. Shangazi yangu Yosefina, mkunga katika zahanati ya Uru, alipopata habari akaniita. Wodi yake ilikuwa inasubiri nyundo. Nije nione kinachovunjwa kabla sijashangilia.

Treni ilinishusha Moshi asubuhi, mlima umejifunika mawingu. Nikazunguka mjini kwa miguu. Nilikuta zahanati iliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi, baraza yake ya matao mazuri, jina la mfadhili limechongwa juu ya mlango kwa herufi kubwa kuliko neno lenyewe la zahanati. Shule ya jirani nayo ilikuwa na jina lake. Hakuna jiwe lililowataja waliobeba mawe. Nikajiona nimeshinda ubishi hata kabla ya chakula cha mchana.

Alasiri nilipanda Uru kwa lori la kahawa, katikati ya migomba. Zahanati niliitambua kwa mbali: kuta nene za mawe meusi, paa la bati, dohani fupi ya kutolea moshi iliyochungulia kidogo tu. Madirisha makubwa ya wodi ya wazazi yalikuwa yamezibwa nusu kwa mawe. Nikamwambia shangazi kwamba hawa wageni hata mwanga waliwanyima watu wetu.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Waliozuia mwanga ni bibi zako, mwanangu."

Akanieleza. Wamisionari walijenga wodi ya madirisha mapana, safi, bila moto. Ikakaa tupu. Huku mzazi hukaa ndani karibu na moto kwa miezi, mama mkwe akimlisha mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Chumba kile cha upepo wanawake walikiona mahali pa kulaza maiti. Wakaendelea kuzalia nyumbani hadi wajenzi waliposalimu amri, wakaziba madirisha na kujenga meko humo humo wodini.

Sasa serikali ya kijiji ilitaka meko yang'olewe, kwamba moshi unadhuru watoto. Kwa hilo niliwaunga mkono. Macho yangu yalikuwa yakiwasha. Lakini shangazi alikuwa akimfikiria jirani yake Ndeshi, aliyekuwa karibu kujifungua. Uzazi wa kwanza ulimtoa damu nyingi nusura afe. Na mama mkwe wake alikwisha kuapa: moto ukitoka zahanati, mkamwana wake atazalia nyumbani.

Kesho yake wajumbe walikutana barazani. Mwenyekiti wa kijiji akanipa nafasi, akiwa na hakika ya jibu langu. "Msomi, waambie hawa akina mama. Meko hospitalini, huo si ushamba?"

Nikamuuliza mwanawe wa mwisho alizaliwa wapi. Mkewe akajibu kutoka nyuma: "Humo ndani. Na kuni alileta yeye, tena mbichi."

Baraza zima likacheka, naye pia. Nikasema moshi ni mbaya kweli, ila dohani haijafika hata kilele cha paa, lazima moshi urudi ndani. Walibishana sana, kisha wakakubaliana: meko yabaki, dohani iinuliwe kwa msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na wa kuikwepa. Hata mimi sikukwepa. Nilipandisha mawe kwenye ngazi huku akina mama wakisema mikono ya chuo ni laini kama ndizi mbivu.

Kuuliza nani alijenga, nilijifunza, hakutoshi. Kuna na wale waliolikataa jengo mpaka likabadilika, na hao hawachongwi popote.

Siku ya kurudi niliteremka kwa miguu. Njiani nikakutana na Ndeshi akitembea polepole, mkono kiunoni, mama mkwe nyuma yake na chungu kichwani. Nikamwamkia yule mama shikamoo. Alisimama, akauliza kwanza:

"Moto upo?"

"Upo, mama."

"Marahaba," akasema, akapita.