Mwalimu Aliyenifundisha Kutua

Mtu wa kwanza kunambia kwamba nnatua vibaya alikuwa mwalimu wetu wa mpira pale Jang'ombe, miaka michache baada ya Mapinduzi. Nikicheza winga, mbio nnazo, lakini goti la kulia likiniuma kila nikiruka. Wenzangu walinambia nikachuliwe mafuta ya karafuu. Yeye alinitazama nikipiga kichwa, akacheka. "Goti lako linaingia ndani kama la mtoto aliyebanwa na mkojo! Litakatika hilo."

Basi kila alasiri akanipeleka kwenye ngazi za nyumba yao Mji Mkongwe. Nishuke kwa mguu mmoja, taratibu, goti lifuate vidole, kisigino kisigonge. Wallahi nilijiona punda. Lakini mwezi wa pili maumivu yalipungua, na mimi nikampenda mtu yule kuliko baba yangu mzazi. Akanionya nisiruke kutoka juu mpaka aniruhusu. Nikashika.

Ikaja fainali na vijana wa Mpendae. Mganga wa timu akasema mlangoni mwa uwanja kumezikwa kitu, atakayepita pale miguu itakuwa mizito. Tuingie kwa ukuta. Ukuta wenyewe unampita mtu mrefu, na upande wa pili mawe matupu. Viongozi wakaitika, wachezaji wakaanza kupanda. Nilipofika juu nikamgeukia Mwalimu, nikingoja aseme huyu asiruke.

"Ruka," akasema. Hata usoni hakunitazama.

Nikaruka. Goti likalia ta! nikaanguka nikipiga kelele. Wenzangu walipokuwa wakininyanyua, nikamwona Mwalimu anaingia zake uwanjani kwa mlango ule ule, mikono nyuma, suruali haina hata vumbi.

Kumbe haamini! Angekuwa anaamini ningemsamehe, maana sote tuliamini. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na mimi nilikuwa nimemvaa mwenyewe.

Siku ya nne akaja kunitazama. Mama, asiyejua kitu, akamkaribisha kwa furaha na kukimbilia jikoni.

"Mwalimu," nikamuuliza, "ulijua litakatika?"

"Nilijua. Lakini ningempinga mganga, kisha tukafungwa, wangenifukuza."

"Na mimi je?"

"Wewe bado kijana. Mpira si kila kitu."

Nilitaka kumtupia mto, nikashindwa hata kukaa sawa. Mama akatokea na sinia, chai inafuka moshi, na mkate wa kumimina ulioletwa kwa ajili yangu mgonjwa.

"Mama," nikasema, "rudisha jikoni. Mgeni anaondoka."