Kaburi Lililomkataa Padri

Juzi nilipita kijijini kwetu Kirongwe nikaliona kaburi la Padri. Limeota nyasi, na ukingo wake mmoja umepinda. Nikaisikia tena harufu ya udongo mbichi wa alasiri ile tuliyomzika, nikiwa mtoto.

Padri alikuja kutoka Ulaya akiwa kijana, akazeekea kwetu, akiwapeleka wagonjwa wetu Kilindoni kwa gari lake. Alipofia huko hospitali, baba na majirani walimchimbia kaburi kama wanavyomchimbia Mwislamu yeyote: jembamba, lenye mwanandani ubavuni, pa kumlaza maiti akiwa na sanda tu. Sisi wanawake na watoto tulitazama kutoka uani kwetu. Likaja jeneza kutoka hospitali. Walipolishusha, lilikwama.

"Mama, Padri hataki kuingia," nikasema.

"Nyamaza, mwanangu."

Wakalitoa, wakaliweka juani, na baba akarudi shimoni kupanua. Nilisikia jembe likigonga mawe, na nzi wakivuma. Mimi nilifurahi, nikidhani amekataa kutuacha.

Sasa najua. Padri hakukosa mazishi yetu hata moja. Sisi, miaka yote ile aliyokaa kwetu, hatukumuuliza kwao mtu huzikwaje.