Shingo ya Madam Kageha

Heri niwaambie mwenyewe kabla hamjaiona kwa simu ya mtu, kwa sababu video ipo na imezunguka: yule mama anayesoma daftari kwa kipaza sauti katikati ya tao, mjini kabisa, pamba imebandikwa mkononi na kiatu kimoja hakipo, ni mimi.

Mnamjua binti yangu Shiro. Ana miaka kumi na tano na hasomi kitu kingine ila vitabu vya vampaya, wale vijana warembo wasiozeeka, wanaonyonya watu damu na kupendana na wasichana wa shule. Nilipata kimoja chini ya mto wake nikataka kukipeleka kwa pasta, lakini nikasema wacha kwanza nijue ninachoshtaki, nikafungua ukurasa wa kwanza nikiwa bado nimeshika ufagio, na kesho yake jioni nilikuwa nimekimaliza (tulikula githeri iliyoungua siku zote mbili). Nilichokosa humo ni kitu kimoja. Kila mahali ilikuwa theluji na misitu na majumba ya mawe, nikajiuliza, kwani vampaya hawezi kuishi Kileleshwa, ghorofa ya nne, mapazia yamefungwa mchana kutwa, dada wa kazi wanabadilishwa kila mwezi na hakuna jirani anayeuliza?

Basi tangu hapo sikutulia. Mimi ni karani katika ofisi ya wapima ardhi, si mwandishi, lakini niliandika nikingoja chai ichemke, nikaandika kwa foleni ya benki, nikaandika hata kanisani mahubiri yakiendelea, mguu unatikisika chini ya benchi mpaka jirani yangu akaniuliza kama nataka kwenda msalani. Sikumwambia mtu. Wakati huo Shiro alikuwa ananijibu kwa neno moja moja tu, na nilitaka akisome hicho kitabu bila kujua ni cha nani, akipende, halafu ndiyo nimwambie.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Mtu wa kwanza kunyonywa alihitaji jina, na asubuhi hiyo bosi wangu, Madam Kageha, alikuwa amekataa kunipa ruhusa niende mkutano wa wazazi shuleni kwa Shiro. Nikaandika Kageha. Nikajiambia nitabadilisha baadaye.

Halafu nikakwama, kwa sababu sikujua mtu anasikiaje damu ikimtoka. Saa ya lunch nikaona hema la kutoa damu mtaa wa pili kutoka ofisini, nikaingia na daftari langu, tumboni hakuna kitu tangu chai ya asubuhi. Nesi alikuwa msichana mpole, lakini nilimsumbua kwa maswali: damu ikitoka ni moto? Inachukua dakika ngapi? Na ikitolewa shingoni itaenda haraka zaidi? Hapo aliacha kutabasamu. Akachoma sindano, mimi nikageuka kuangalia ule mfuko unavyojaa ili nikaandike vizuri, na hiyo ndiyo picha ya mwisho ninayokumbuka.

Nilipofungua macho nilikuwa chini, miguu imeinuliwa juu ya katoni, na juu yangu kulikuwa na nyuso nyingi kuliko watu niliowaacha. Nesi alikuwa amefungua daftari kutafuta namba ya mtu wangu wa karibu, akakuta nilivyokuwa nimejipangia hadithi: Kageha aanze. Anatoka ofisini saa kumi na moja, peke yake. Shingo. Alimwonyesha mwenzake, mwenzake akamwita askari wa jengo la karibu, na askari, ambaye Mungu alimpa sauti, akasoma akisikika hadi barabarani. Mzee mmoja alikuwa anawaeleza watu kwamba mumiani wamerudi, walikuwepo tangu enzi ya mkoloni. Mhubiri wa pale kona alikuwa ameshasogeza spika yake karibu.

Nilisema ni hadithi. Nilisema ni kitabu cha watoto, na nikaona nimezidi kuharibu.

"Kama ni hadithi, soma tuisikie," nesi akasema.

Mhubiri akaniletea kipaza sauti, nesi akanishikia daftari, nikaanza. Na niseme ukweli, ukurasa wa kwanza ulinipendeza. Watu walinyamaza, Bwana Ezra, vampaya wangu, akapanda zile ngazi za Kileleshwa bila kivuli, msichana mmoja wa college akaweka chini mfuko wake asikilize vizuri, na mimi (mjinga mimi) nikaongeza sauti. Kisha nesi akafunua ukurasa wa pili, nikainua macho, nikamwona Madam Kageha amesimama nyuma ya watu na ndizi mbili mkononi.

Nikasoma kwamba Bwana Ezra alimtazama Katherine. Nikasoma kwamba shingo yake ilikuwa nyembamba na nzuri.

"Hapana," nesi akasema, na kipaza sauti kikanasa sauti yake, "hapa imeandikwa Kageha. Na imeandikwa shingo nene kama ya ng'ombe wa maziwa wa gredi, inayotosha familia nzima."

Walicheka mpaka mhubiri akacheka. Madam Kageha hakucheka na hakunitukana. Alipenya watu polepole, akamwambia askari kwamba Kageha ni yeye na mimi ni mfanyakazi wake, akachukua mkoba wangu, tukaondoka. Nilitamani anifokee ili nijue kazi imeisha niache kuhesabu hatua. Tulipoingia kwenye lifti akaniuliza akiangalia mlango.

"Nakufa?"

"Ndiyo, Madam."

"Ukurasa wa ngapi?"

"Wa tatu."

Lifti ikapanda ghorofa tano.

"Miaka ishirini kwa hii ofisi," akasema, "na unaniua ukurasa wa tatu."

Ofisini alinipa ndizi moja akaniambia nile, kisha akauliza nilikuwa na kinyongo gani naye. Nikamwambia habari ya mkutano wa wazazi. Akaniangalia sana. Akanikumbusha kwamba mimi nilikuwa nimemwambia nina shughuli kidogo nyumbani, basi. Shule sikuitaja hata mara moja. Na ni kweli. Nilikuwa nimeogopa ataniona mama anayeitwa shuleni kila mara, nikameza maneno, halafu nikamchukia kwa kutosikia nilichomeza.

Nilipofika nyumbani Kinoo, Shiro alikuwa ameshaiona video. Hakusema na mimi siku mbili, na shuleni walimwita mtoto wa vampaya wiki nzima, hilo bado linaniuma. Siku ya tatu aliliomba daftari bila kuniangalia, akalisoma amelala kifudifudi, akalirudisha limejaa penseli. Alisema Ezra anaboesha, hasisimui hata kidogo. Kisha akaketi pale jikoni akaniuliza, kwa maneno mengi sana, kilichonifanya nimkasirikie yule madam hivyo.

Kwa hivyo nimeapa. Nikikasirikia mtu siku hizi naenda namwambia mwenyewe, kwa sauti yangu hii inayotetemeka, na ninataja shida yote. Sitamwachia vampaya anisemee tena.