Siku Gitaa Ilipotangaza Kifo cha Bwana Harusi

Enzi zetu radio haikuwa kitu cha kutembea nacho mfukoni. Ilikuwa na meza yake, ilikuwa na kitambaa chake cha kudariziwa maua, na ilikuwa na mwenyewe, naye ni baba. Mtoto ukiigusa, mkono wako utakumbuka wiki nzima. Nyinyi wa rika langu mliolelewa upande wa Malakisi, mkanusa tumbaku kabla ya kunusa sabuni, hamhitaji kuelezwa. Hawa wa leo wanaamka na radio sikioni na kulala nayo sikioni, na ukiwauliza kumetokea nini duniani wanakuambia, "Sijui, Kukhu." Kukhu ndiye mimi, nyanya yao.

Radio ya baba ilikuwa kuukuu, na betri zake zilichoka mara kwa mara. Tulizianika juani kama mahindi zipate nguvu kidogo. Kilichoiokoa ni waya. Baba alikuwa amefunga waya mrefu juu kabisa ya mkaratusi, ukashuka mpaka dirishani ukaingia kwa radio. Bila huo waya radio ilikoroma tu kama mzee aliyeshiba. Ukiwa na waya, sauti ya Nairobi ilifika kwetu safi, unadhani mtangazaji amejificha chini ya meza.

Jioni ikikaribia, ulikuwa wakati wa matangazo ya vifo. Hapo kila kitu kilisimama. Sisi watoto tulikuwa tukicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira wa matambara, au tuko kwenye banda tukifunga majani ya tumbaku kwa vijiti, mikono inanata na uchungu wake hautoki hata ukiosha kwa jivu. Ukila ugali wa wimbi na mikono hiyo, unameza uchungu pamoja na mboga. Baba akisema tu "Shh!" hata kuku walinyamaza. Majirani walisimama pale uani na majembe yao kusikiliza kama ni mtu wao. Na kusikiliza kwenyewe kulitaka subira, kwa sababu ya majina yetu. Kwetu mtoto wa mvua ni Wafula, wa mavuno ni Wekesa au Nekesa, wa njaa ni Wanjala au Nanjala. Ukisikia "Wafula amefariki" bado hujasikia kitu. Umeambiwa nusu ya wanaume wa lokesheni. Ni lazima ungoje jina la baba yake, ukoo wake na kijiji, ndipo ujue kama unalia au unarudi shambani.

Sasa, baba alikuwa na ndugu yake mdogo, tukimwita Baba Simiyu. Huyo kazi ya jembe ilimkataa. Alipiga gitaa. Si ya kopo na nyuzi za breki kama yetu sisi watoto, ni gitaa ya umeme, na sanduku lake la kukuza sauti, lililokula betri ya lori. Sanduku hilo lilipofika kwetu mara ya kwanza mama alilizunguka, akaligonga kwa kidole, akasema, "Kitu kikubwa hivi na hakitoi maziwa." Lakini Baba Simiyu akipiga, hata yeye mama mabega yalikuwa yanamponyoka.

Dada yangu Nekesa alipopata mchumba, kijana mmoja mpole wa Bungoma mjini aliyeshona viatu karibu na stesheni ya reli, Baba Simiyu alisema hapo hapo, "Harusi ya binti yetu haitachezwa kwa mdomo." Jina la kijana huyo lilikuwa Wafula. Lingekuwa nini tena?

Siku ya wakwe kuja kumchukua bibi harusi, boma letu lilifagiliwa mpaka udongo ukang'aa. Kuku walichinjwa, busaa, pombe yetu ya nafaka, ilichujwa, na sisi wadogo tulipakwa mafuta mpaka vumbi likatupenda. Kwetu desturi ilikuwa moja na haichezewi: mpigaji lazima awafuate wakwe walipoketi, awaimbie uso kwa uso, awataje mmoja mmoja mpaka wanyanyuke wacheze. Mkwe asipocheza hajakubali. Na mkwe akitoka langoni kabla ya kula, hiyo ndoa mmeizika.

Shida ni kwamba lori lililoleta sanduku na betri yake lilikuwa limekwama kule kwa banda la tumbaku, na waya wa gitaa ulikuwa mfupi. Wakwe wako huku kivulini, sanduku liko kule. Baba Simiyu akatafuta, akahangaika, halafu akatulia. Tukamwona anakuja na waya mrefu, ameuunga na ule mfupi kwa kusokota na vidole, akaulaza juu ya ua mpaka kwa wakwe. Hakuna aliyemuuliza ametoa wapi. Siku ya harusi mtu haulizwi.

Akapiga. Bwana, akapiga! Akamtaja bwana harusi, akamtaja mama yake, akawa anamkaribia Mzee Wanyonyi, baba mkubwa wa bwana harusi, ambaye ndiye alikuwa kichwa cha msafara. Mzee ameshaanza kutikisa bega moja. Baba Simiyu akanyamazisha nyuzi ili amtaje vizuri, na katika ule ukimya sanduku likasema lenyewe, kwa sauti nzito ya mwanamume:

"...kwa masikitiko tunatangaza kifo cha Wafula..."

Halafu likakoroma, likakata.

Wafula mwenyewe alikuwa ameketi pale, mzima, soda mkononi. Soda ikamwagika kwa suruali mpya. Mama yake akapiga yowe. Ndani ya nyumba nikasikia Nekesa akisema, "Nani? Nani amekufa?" na shangazi zetu wakimshika asitoke.

Mzee Wanyonyi akasimama. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lilitutisha. "Tumeitwa kuchukua mke," akasema, "si kusomewa matanga."

"Lakini mzee, si kijana wako huyu hapa?" baba akamwambia. "Anapumua!"

"Leo anapumua. Kesho je? Chukueni vitu vyenu, watu wangu. Twende."

Na kweli, wakaanza kuinuka. Mama akakimbia akasimama langoni na mwiko wa ugali mkononi. Hakuwatukana. Alisema lile neno alilotuambia kila siku tukiogopa giza: "Jambo likikutisha, lishike mkia kwanza uone kama linauma." Mzee Wanyonyi akasita. Kumpita mama mkwe na mwiko wake si jambo dogo.

Baba Simiyu naye alikuwa jasho tupu. Akapiga magoti kwa sanduku. Kwanza akaulizia radio za majirani. Zote zilikuwa zimezimwa, watu wote wako harusini. Akachomoa waya wa gitaa. Sanduku likanyamaza kama kaburi. Akachomeka, sauti ikarudi, inanong'ona ndani ya mkoromo. "Si sanduku," akasema. "Kinachosema kinaingilia kwa waya." Akaushika waya, sauti ikapungua. Akauacha, ikapanda. Wazee wakarudi nyuma hatua. Ati sasa imekuwa mbaya zaidi: pepo amekaa kwa waya.

Ni hapo baba, aliyetaka kujua ni Wafula yupi aliyekufa kweli, alipoingia nyumbani kufungulia radio yake. Tukasikia mkoromo. Tukasikia akiipiga kofi. Halafu akatoka mlangoni amefura:

"Nani amechukua waya yangu?"

Watu wote wakamtazama Baba Simiyu. Baba Simiyu akautazama ule waya juu ya ua. Nyinyi mlioishi na waya wa namna ile mmeshaelewa. Kwa miaka yote kazi yake ilikuwa moja tu, kukamata sauti hewani, na kuuteremsha kutoka kwa mkaratusi hakukuufundisha kazi nyingine.

Baba Simiyu akapata nguvu. Akamwendea Mzee Wanyonyi akiwa ameinamisha kichwa. "Mzee, njoo uchomoe kwa mkono wako."

"Mimi nishike hiyo kitu?"

"Shika mkia," mama akasema kutoka langoni.

Mzee akachomoa. Kimya. Akachomeka. Sauti ikarudi, na safari hii ikasikika vizuri, lakini vifo vilikuwa vimekwisha. Ilikuwa inasoma bei ya mahindi, mji baada ya mji: Nakuru, Eldoret, Kitale. Mzee akachomoa tena, akachomeka tena, kama mtoto aliyepata kifuniko cha kopo. Akasikiliza ya Kitale mpaka mwisho, maana alikuwa na magunia yake ghalani. Kisha akanyoosha mgongo akawaambia watu wake:

"Ketini. Mfu hasomi bei ya mahindi."

Nimesikia watu wakicheka maishani mwangu, lakini si kama siku ile. Mama Wafula alicheka huku analia.

Basi kazi ikafanywa sawasawa. Baba Simiyu alitueleza, na mimi niliyeachia shule darasa la nne nilielewa: waya wa gitaa una moyo ndani, na nje umevikwa koti la nyuzi za shaba. Koti ndilo linazuia maneno ya hewani. Ule wa baba haukuwa na koti, ulikuwa uchi. Akautoa, baba akaurudisha mtini siku hiyo hiyo huku akinung'unika. Sanduku na betri vikabebwa kwa wilbaro mpaka mbele ya wakwe. Bado kukawa na mnong'ono kidogo. Kwa plagi ya ule waya mfupi wa gitaa, koti lilikuwa limeachana na chuma na kushika kutu ya kijani. Fundi wa kuziba sufuria alikuwa miongoni mwa wageni. Akapasha msumari mnene kwa makaa ya jikoni, akayeyusha risasi yake ya kuzibia, akalishikisha koti na chuma tena. Halafu Baba Simiyu akaomba karatasi za fedha za pakiti za sigara. Sisi wasichana tulizikusanya tukitengeneza pete za kuchezea. Tukavua pete zetu zote, akazinyoosha, akavika tumbo la gitaa kwa ndani. Ukimya ukaja, ule wa kweli. Mzee Wanyonyi akacheza kwa mabega yote mawili, wakala, wakamchukua Nekesa kabla giza halijaingia.

Sasa mimi niko Kibomet, Kitale. Mjukuu wangu Nanjala anapiga gitaa kanisani, na anapiga vizuri, sisemi kwa sababu ni wangu, uliza mtu yeyote. Ana sanduku dogo linaloingia kwa begi. Jioni moja anafanya mazoezi hapa sebuleni, likaanza: tididi-tididi, tididi-tididi. Nikasema, ni waya, tafuta pakiti za sigara. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Kukhu, si ni hiyo simu yako ya kabambe! Umeiweka juu ya amplifaya. Simu ikitaka kulia inaanza kusumbua mashine."

Kabla hajamaliza, simu ikalia. Alikuwa Nekesa, kutoka Bungoma, kama kila jioni. Mumewe Wafula alishazikwa, baada ya kuishi mpaka akang'oka meno yote. Sasa dada yangu anaishi na goti lake bovu na simu.

Siku hizi matangazo ya vifo hatuyasikilizi pamoja. Yanaingia kwa simu, kila mtu anasoma peke yake, anaweka alama ya machozi, anaendelea kula chipsi. Hakuna anayesema "Shh." Hakuna jirani anayesimama uani na jembe lake. Nanjala ameniambia mara nyingi nisiweke simu pale, na mimi jioni ikifika naiweka. Amechoka kunigombeza. Siku hizi anapumzisha tu nyuzi na kungoja pamoja nami. Saa hiyo hakuna mtu mwingine anayenitafuta. Sanduku likianza tididi, kabla simu haijalia, mimi nimeshajua: Nekesa yuko hai.